Haiko Ile

Mtu anayeutafuta wimbo asioujua jina hufanya jambo ambalo, likitazamwa kwa makini, lisingepaswa kuwezekana. Tuseme amekaa uani na mwenzake, komini ya Kikula mjini Likasi, anaimba kwa kufumba mdomo vipande vitatu vinne vya mahadhi aliyoyasikia zamani. Chini kuna ngoma, juu yuko mmoja anayetangulia na wengi wanaomfuata, na maneno ni ya Kilatini au yanafanana na Kilatini. Mwenzake anamkumbusha wimbo mmoja. "Haiko ile." Anamwimbia wa pili. "Haiko ile." Anaanza wa tatu, na mstari haujaisha yule wa kwanza ameshasimama: "Njo ile!" Mtu wa pwani angesema siyo huo, kisha ndio huo hasa, huku Katanga haiko na njo zinatosha. Sasa aje mchokozi amuulize: kama ulikuwa unaujua, ulikuwa unatafuta nini? Na kama ulikuwa huujui, umejuaje kwamba ile miwili ya mwanzo sio, na huu wa tatu ndio?

Swali hilo ni la kale. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Meno, Meno mwenyewe, kijana wa ukoo mkubwa, anamtegea Socrates mtego huo huo: hakuna atafutaye anachokijua, maana anacho, wala hakuna atafutaye asichokijua, maana hata akikutana nacho njiani atakipita. Socrates anajibu kwa kumwita mtumwa mmoja, kijana asiyesoma, na kumwongoza kwa maswali matupu hadi ang'amue mwenyewe jinsi ya kuchora mraba ulio maradufu ya mwingine kwa eneo. Roho, anasema, ilijua kabla ya kuzaliwa, na kujifunza ni kukumbuka. Wengi wa siku hizi hulitupa jibu wakabaki na swali. Mimi naona swali lenyewe lina kasoro, na wimbo uliosahaulika nusu unatuonyesha kasoro iko wapi. Swali linadhani kujua ni kama ufunguo mfukoni, upo au haupo. Mtu wetu wa Kikula hana wimbo mfukoni. Mwambie auimbe wote, hawezi. Lakini mfuko wake si mtupu pia, kwa sababu utupu haukatai kitu. Ana kitu chenye umbo, chenye kingo kali kiasi cha kuzikataa nyimbo mbili nzuri, za kanisani, zenye ngoma na Kilatini, ambazo mtu mwingine yeyote angezipokea kwa shukrani. Ushahidi kwamba alikuwa anakijua alichokitafuta haumo katika furaha ya "njo ile". Umo katika zile "haiko ile" mbili zilizotangulia. Na kama ni hivyo kwa wimbo, basi jambo hilo linamhusu pia mtu asemaye anamtafuta Mungu asiyemjua, mtu ambaye swali la Meno huwa anaulizwa kwa kejeli.

Tuanze na kumbukumbu ya mahadhi: inashika nini hasa? Mwaka 1890 mwanafalsafa wa Austria, Christian von Ehrenfels, aliandika juu ya jambo ambalo kila mwimbishaji wa kwaya hulifanya bila kuliwaza. Wanakwaya wakishindwa kufika chini, mwimbishaji huupandisha wimbo; sauti zote zinahama, na wimbo ni ule ule. Basi wimbo si lundo la sauti, ni uhusiano ulio kati yake. Mwingereza Denys Parsons aliusukuma ukweli huo hadi ukingoni katika orodha yake ya mahadhi ya muziki wa klasiki iliyochapishwa mwaka 1975. Anayeitumia hahitaji kusoma noti. Anachotakiwa ni kusema, kwa kila sauti inayofuata, imepanda, imeshuka au imerudia. Simfoni ya Tano ya Beethoven, ambayo hata wasioijua wanaijua, inaanza hivi: rudia, rudia, shuka, panda, rudia, rudia, shuka. Maelfu ya mahadhi yamepangwa kwa njia hiyo, na hatua zisizozidi kumi na tano hutosha kwa kawaida kuutenga mmoja na mingine. Msomaji wa Kongo hana sababu ya kushangaa. John Carrington, mmisionari wa Kibaptisti wa Yakusu karibu na Kisangani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1949 jinsi ngoma ya gogo lililochongwa ndani inavyozungumza. Lugha za huko zina toni, na ngoma inatoa toni tu, ya juu na ya chini, bila konsonanti wala irabu. Kwa Kilokele neno la mwezi na neno la kuku yana toni sawa, kwa hiyo mpigaji hupiga mwezi pamoja na kule kuitazama kwake dunia, na kuku pamoja na mlio wake, hadi msikilizaji wa kijiji cha pili asiwe na la kubahatisha. Anapokea mifupa, anaivika nyama, wala hasemi amesikia nusu ya habari. (Sisi wa Kiswahili tumepata hasara hapo. Lugha yetu iliacha toni, na ngoma ile ikitusemesha tunacheza tu.)

Augustino, askofu wa Hippo, mji wa Algeria unaoitwa leo Annaba, alilifikia jambo hili katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, karibu na mwaka 400. Anaanza na mwanamke wa Injili ya Luka aliyepoteza sarafu moja kati ya kumi, akawasha taa na kufagia nyumba. Sarafu ilipotea machoni, anasema Augustino. Kwenye kumbukumbu ilikuwepo, la sivyo angeiona na asijue kuwa ndiyo. Kisha anajiongezea ugumu: je, kama kilichopotea kimepotea ndani ya kumbukumbu yenyewe? Anachunguza tunavyohangaika na jina la mtu tunayemwona mbele yetu, majina yanavyojitokeza nasi tunavyoyasukuma pembeni, hadi moja likae mahali pake. Anaona kwamba kitu hakikutoka chote. Kumbukumbu ilizoea kutembea na vitu viwili pamoja; kimoja kikikosekana, inachechemea na kudai kirudishwe. Picha hiyo ya kuchechemea inanitosha kuliko nadharia nyingi. Namna mtu anavyoyumba inakuambia mguu mfupi umepungua kwa kiasi gani. Kutoka hapo Augustino anapanda juu: watu wote wanaitamani heri, na wangeitamanije kama hawaijui kwa namna yoyote? Hapo amepiga hatua ndefu kuliko miguu yangu, na nitaeleza kwa nini.

Likasi ni mahali pazuri pa kuupimia ubishi huu, kwa kuwa ni mji ambako nyimbo nyingi zilifika bila vitambulisho. Hadi mwaka 1966 uliitwa Jadotville. Shaba ndiyo iliyouinua, na kampuni ya migodi, Union Minière, ilikusanya wafanyakazi kutoka kaskazini ya Katanga, kutoka Kasai na mbali zaidi, ikawapanga nyumba kwa nyumba, Kiswahili kikawa lugha ya ua na ya kiwandani. Katika mji wa namna hiyo wimbo wa harusi wa watu fulani unapita juu ya ukuta, jirani anayashika mahadhi na kuyaacha maneno kwa wenyewe. Watoto wake wanakua wakiyaimba wasijue yametoka wapi. Kusahau nusu, mahali kama hapo, ni hali ya wote. Hata majina ya kutafutia yamehama. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka na mitambo yake ya kurekodi, alimkuta mjini humu kijana wa Bunkeya, Mwenda Jean Bosco, mwenye gitaa, akamrekodi. Mojawapo ya vipande hivyo ni Masanga. Kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinazungusha sauti za juu, na sikio linaapa kuna magitaa mawili. Nikiulizwa muziki wa klasiki wa Katanga ni upi, nitataja huo kwanza, maana klasiki kwangu ni muziki ambao anayeupiga anajiona ana deni nao. Lakini kijana wa leo akiutafuta kwa jina la Likasi atapotea, kwa sababu maandishi ya wakati ule yanasema Jadotville, na hazina ya Tracey iko Afrika Kusini, Grahamstown, mji ambao nao tangu 2018 unaitwa Makhanda. Mahadhi hayajahama hata hatua moja.

Masanga inafundisha jambo jingine, na hapa nahitaji msomaji awe mvumilivu. Mtaalamu wa muziki David Rycroft alipouchambua upigaji wa Bosco katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, aliuchukulia kuwa ubunifu unaotokea papo hapo, mikononi. Vipande vidogo vinarudi, vinabadilishwa, vinapangwa upya. Hakuna karatasi moja ambayo mtu angeweza kuinyooshea kidole akasema hii ndiyo Masanga, nyingine zote ni nakala. Hata hivyo mpiga gitaa wa Katanga huitambua katika mipigo michache ya kwanza, na akisikia mwigo mbovu huukataa upesi vile vile. Anailinganisha na nini, ikiwa asili yenyewe haikukaa mahali pamoja? Hawezi kuwa anailinganisha na picha. Anachokijua ni mpaka: hadi hapa unaweza kubadili, ukivuka hapa umepiga kitu kingine. Ndiyo maana neno la kukataa linatangulia. Mpaka hujulikana kwa kuvukwa. Mwenye shamba anaweza kushindwa kukuchorea ramani ya shamba lake na bado akashtuka jembe la jirani likiingia kwa hatua moja.

Sasa turudi kwa mtu wa Kikula, kwa maana wimbo wake si Masanga. Tumpe ule unaolingana na dalili zake. Mwaka 1958 huko Kamina, kwenye reli hiyo hiyo inayotoka Lubumbashi ikapita Likasi na Tenke, Misa iliimbwa kwa namna ambayo Ulaya haikuwahi kuisikia. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikuwa amekusanya kwaya ya wavulana pamoja na walimu wao, ikaitwa Troubadours du Roi Baudouin. Maneno yalibaki Kilatini cha Misa. Mahadhi na midundo vilikuwa vya nyumbani, na mengi yalizaliwa katika kuimba, bila noti. Maandishi yalifuata baadaye. Huu ulikuwa mwaka 1958, na Mtaguso wa pili wa Vatikano haukutoa hati yake ya liturujia hadi Desemba 1963. Kwaya ilisafiri Ulaya mwaka ule ule wa 1958, santuri ikatoka, ikaitwa Missa Luba, yaani Misa ya Waluba. Mwongozaji wa filamu Pasolini aliichukua Gloria yake akaitia katika filamu yake ya Injili ya Mathayo mwaka 1964. Lindsay Anderson akaichukua Sanctus mwaka 1968 katika filamu ya If...., ambamo mwanafunzi mkorofi wa shule ya Kiingereza anaisikiliza santuri hiyo tena na tena chumbani mwake. Ndivyo wimbo wa Kamina ulivyoingia vichwani mwa watu wasioweza kuionyesha Kamina kwenye ramani. Wapo ambao hadi leo wanaimba kwa kufumba mdomo kipande cha sauti nyembamba juu ya ngoma, wasijue wanaimba Mtakatifu, Mtakatifu.

Lakini Sanctus ile ina tabaka la chini. Mahadhi yake yalitengenezwa kwa mfano wa wimbo wa kuagana, unaoimbwa mtu anapoondoka. Hosana inafuata mdundo wa ngoma ya Kasai. Agnus Dei imetoka katika wimbo wa watu wa Bena Lulua. Maana yake ni kwamba Mluba aliyeisikia kanisani mara ya kwanza alikuwa na utambuzi wa aina mbili kwa mpigo mmoja: maneno aliyafahamu kutoka katika kila Misa, na mahadhi aliyafahamu kutoka mahali ambapo watu husimama wakipunga mikono. Hapo mpinzani ana haki ya kuingia, tena anaingia na silaha nzuri. Atasema: huyo anayebubujikwa na machozi kwenye Sanctus hamkumbuki Mungu. Anamkumbuka kaka yake aliyepanda treni kwenda mgodini. Mnachokiita kumtafuta Mungu ni kumbukumbu ya nyumbani iliyovaa kanzu ya padri. Na atamwita Augustino awe shahidi wake, maana katika kitabu kile kile cha kumi Augustino anaungama kwamba kila wimbo unapomgusa kuliko kile kinachoimbwa, ametenda dhambi, na bora asingemsikia mwimbaji.

Hoja hiyo haipaswi kujibiwa kwa haraka, hasa mtu akiwa anaandika juu ya Likasi. Mwaka 1992 watu wenye asili ya Kasai, wengi wao waliozaliwa humu humu, walifukuzwa majumbani mwao mjini Likasi. Makumi ya maelfu walijazana kituo cha reli na mashuleni wakingoja treni za kuwapeleka nchi ambayo baadhi yao hawakuwahi kuiona. Nyimbo zao hazikupanda treni zote. Zilibaki midomoni mwa majirani waliozipata juu ya ukuta, wakiwemo majirani walionyamaza. Kuimba mahadhi ya kuagana mjini humo na kusema kwa wepesi kwamba yanaashiria mbingu ni utovu wa adabu. Ninamkubalia mpinzani, basi, kwamba uchungu wa wimbo haumthibitishi Mungu, na kwamba aliye na kumbukumbu ya kituo cha reli hana wajibu wa kuigeuza kuwa kitu kingine. Ninachokikataa ni dhana yake kwamba kumbukumbu ni makabati mawili, moja la nyumbani na moja la Mungu, na ukilifungua la kwanza hujagusa la pili. Kila tunachokumbuka kimepita katika kitu fulani: sarafu kupitia kidole, wimbo kupitia ukuta. Zaidi ya hayo, mtu huyo huyo anaweza kuisemea nyumbani kwake "haiko ile". Mtu hulilia kwao miaka mingi, akafika, akakumbatiwa, akala chakula alichokiota, na baada ya wiki kadhaa kuchechemea kukarudi. Si wote wapatwao na hilo. Lakini linapotokea, nadharia ya mpinzani haina la kusema, kwa sababu kilichotajwa kuwa ndicho kimeletwa mezani na mtafutaji amekikataa.

Mpinzani wa pili ni mwanasaikolojia, naye anashambulia msingi wenyewe. Mwaka 1932 Frederic Bartlett wa Cambridge alichapisha majaribio ambamo aliwapa watu hadithi ya Wahindi Wekundu wa Amerika Kaskazini, kisha akawataka waisimulie baada ya muda, tena na tena. Mitumbwi iligeuka kuwa mashua, kuwinda sili kukawa kuvua samaki, mizimu ikafifia, na wasimuliaji walikuwa na uhakika wao. Kukumbuka, alisema Bartlett, ni kujenga upya. Kama ni hivyo, "haiko ile" yetu huenda inakataa wimbo wa kweli kwa kuwa haufanani na ule tuliojitungia. Hilo hutokea, nani hajaisikia santuri ya zamani akaudhika kwamba inakwenda polepole kuliko alivyoiweka moyoni? Ila angalia vizuri majaribio yale. Wasomi wa Cambridge walikumbuka hadithi ya watu wengine, mbali na wenye hadithi, bila mtu wa kuwakatiza. Hakukuwa na mzee pembeni wa kusema: hapana, ni mtumbwi.

Waluba wa Katanga walikuwa na chombo cha kazi hiyo hasa. Lukasa ni ubao mdogo wa mti, mwembamba kiunoni, unaotosha kiganja cha mkono wa kushoto, uliopigiliwa shanga na makombe. Msomaji wake, mmoja wa watu wa kumbukumbu katika chama cha Mbudye, hupitisha kidole cha shahada cha mkono wa kulia juu ya shanga na kusimulia au kuimba habari za wafalme, safari zao na mahali pa mizimu yao. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo inaweza kuwa mtawala kati ya watu wake. Ubao hauna neno hata moja. Wasomaji wawili huutoa kwa namna mbili, kufuatana na shughuli na walioketi mbele yao, na hakuna aliyedanganya, kama Bosco hakudanganya alipoipiga Masanga upya. Lakini shanga iko pale pale chini ya kidole, na wenzake wa Mbudye wanasikiliza. Akivuka mpaka atajua, na asipojua ataambiwa. Kumbukumbu ya mtu mmoja ni nusu, na nusu nyingine haiko gizani ndani yake kama Plato alivyodhani. Mara nyingi iko kwa mwenzake. Hata mfano wetu wa mwanzo ulikuwa na watu wawili uani. Mmoja alikuwa na nyimbo, mwingine alikuwa na kukataa.

Juu ya mashine nitasema kidogo. Shazam, iliyoanza Uingereza mwaka 2002, huisikiliza rekodi na kulinganisha alama zake na rekodi zilizohifadhiwa. Ukiimba mwenyewe haikusaidii, kwa kuwa inaitambua santuri, haiutambui wimbo. Programu zinazokubali mtu aimbe hufuata umbo la mahadhi, jambo linalokaribia njia ya Parsons, ya kupanda na kushuka. Ni nzuri, na nazitakia heri. Ila mashine haitafuti, maana haijapungukiwa. Ikileta jibu, bado anatakiwa mtu wa kusema njo ile au haiko ile.

Kwa upande wa dini, naona mapokeo makubwa yaliujua umuhimu wa kukataa. Sura ya Al-Aaraf katika Kurani, aya ya 172, inasimulia kwamba wazao wa Adamu waliulizwa na Mungu kama yeye si Mola wao, wakakiri kabla ya kuja duniani. Inasimuliwa kwamba Junayd wa Baghdad, aliyekufa mwaka 910, alitumia aya hiyo kueleza kwa nini mtu mtulivu hutikisika asikiapo sauti nzuri: utamu wa lile swali la kwanza unamrudia. Ni fundisho zuri, na linakaribia sana la Plato, kwa hiyo nalichukua kwa tahadhari ile ile. Kinachonivuta zaidi ni kwamba shahada ya Mwislamu inaanza na hapana. Kabla ya jina kutajwa, vyote visivyo ndivyo vimeondolewa. Na Thomas wa Akwino, kabla ya kuanza kueleza Mungu yukoje katika Summa yake, anatahadharisha kwamba tunaweza kujua asivyo, si alivyo. Watu hawa hawakuwa wakijikinga nyuma ya ugumu wa maneno. Walikuwa wanafanya anachofanya mtu wa Kikula: kurudisha alicholetewa, kimoja kimoja, kwa adabu.

Hapa ndipo ninapoachana na Augustino. Mwenye kutafuta wimbo ana rafu huko Makhanda, ana santuri, ana mtu wa Kamina anayeweza kuulizwa. Siku moja mashaka yake yanaweza kuisha. Anayemtafuta Mungu hana rafu hiyo, na kuchechemea kwake, hata kuwe na umbo sahihi namna gani, hakumpi hati ya kwamba mguu uliokosekana upo mahali fulani ukimngoja. Mtu anaweza kuulilia wimbo aliousikia ndotoni, ambao haukuimbwa na yeyote. Kwa hiyo hoja yangu inampa mtafutaji vitu viwili tu: haki ya kutafuta, ambayo Meno alimnyima, na haki ya kukataa, ambayo mara nyingi wahubiri ndio wanaomnyima, wakimletea wimbo wa kwanza waliounao na kumkasirikia asiposimama. Haki ya tatu, ya kutangaza amepata, haitoki katika hoja hii. Wapo watakaosema vitu viwili ni vichache. Mimi naona mtu aliyenyimwa kukataa hana njia ya kupata pia, maana atapokea chochote.

Mtu wa Kikula, basi, ameambiwa: ni Sanctus ya Missa Luba, Kamina, 1958. Ameridhika, na anayo sababu, kwani dalili zake zote zimekaa mahali pake. Aliyeupata katika filamu ya Kiingereza naye angeridhika na jina hilo hilo na kuliandika ndani ya daftari. Tumwite sasa mama mzee wa Kiluba, ambaye hakuiona filamu wala santuri, tumwimbie kipande kile cha juu bila ngoma na bila Kilatini, kisha tumwambie wimbo huu unaitwa Sanctus. Haiko ile, atasema. Huu ni wa kumsindikiza mtu.